Mstari Ulionyooka

Siku ya tatu Mheshimiwa Mbwilo alikuwa bado amelazwa juu ya meza ndefu ya Baraza, kati ya siwa na gilasi ya maji ya Spika, amefunikwa shuka jeupe hadi kidevuni. Wajumbe wenzake waliendelea na kazi zao pembeni yake, kwa sauti za chini, kama watu wanaokula karibu na mgonjwa. Aliyetaka kuwasilisha karatasi mezani aliiweka miguuni pake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Katika nchi ile kanuni ilikuwa moja kwa wote: mjumbe aliyefariki hazikwi mpaka isomwe mbele ya Baraza sentensi yake moja. Moja tu. Iwe imetoka kinywani mwake siwa ikiwa mezani, iwe imo kwenye Kumbukumbu Rasmi, na isiwe sentensi ambayo kila mtu huisema.

Asiyekuwa nayo, siwa inapoinuliwa alasiri ya siku ya tatu, hubebwa hadi Chumba cha Waliohudhuria. Subilaga, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa amekichungulia chumba hicho asubuhi ile. Hakukuwa na harufu. Kulikuwa na viti, safu baada ya safu, na kwenye kila kiti ameketi mtu aliyekauka, amevaa suti, mkono wa kulia umeinuka nusu kama wa anayeitika jina lake. Kila asubuhi mhudumu hupita na daftari, anawaita mmoja mmoja na kuwawekea alama ya vema. Hawajawahi kukosa. Watakuwepo mpaka mwisho wa dunia, na siku hiyo nayo itaandikwa kuwa akidi ilitimia.

Alipokiona kiti kitupu karibu na dirisha, kimefutwa vumbi, Subilaga alijua ni cha nani. Alifunga mlango taratibu. Tangu dakika ile hakuwa na wazo lingine kichwani: baba asikalishwe pale. Baba apate udongo.

Ushorobani walikuwa wameketi watu wa Bonde la Itundu, ambao Mbwilo aliwawakilisha kwa miaka thelathini na moja. Walikuja na mikeka yao na chupa za chai, na walikuwa wamemzunguka Karani wa Baraza, mwanamume mwembamba aitwaye Fumbuka, aliyekuwa akijibu kila swali bila kuinua macho kutoka kwenye saa yake.

"Zahanati yetu si aliileta yeye?" aliuliza mama mmoja.

"Zahanati si sentensi, mama."

"Na mke wangu aliyejifungulia kiti cha nyuma cha gari lake, njiani kwenda hospitali?" alidakia mwanamume aliyevaa koti la mvua. "Mtoto tunamwita Mheshimiwa mpaka leo. Ana ndevu!"

"Mtoto naye si sentensi."

"Basi mlitaka nini, hotuba? Angekuwa mtu wa hotuba angepata wapi muda wa kutubeba sisi?"

Wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachokatika ghafla mtu akikumbuka yuko wapi. Subilaga akasogea mbele.

"Alisema," alimwambia Karani. "Alisema sana. Nilikuwa nakaa kule juu, kwenye viti vya wageni. Nilimsikia. Watu walimpigia makofi."

"Basi yatakuwemo, dada. Kinachosemwa humu huandikwa." Fumbuka aliielekeza kalamu yake kwenye ngazi zilizoteremka gizani. "Mwone Bi. Nakiete, mtunza kumbukumbu. Siwa inainuliwa saa kumi."

*

Ngazi zilikuwa thelathini na moja, na kila moja ilikuwa mwaka. Alipofika ya ishirini kitambaa chake cha msiba kilikuwa sare ya shule. Alipofika ya ishirini na tano viatu vilianza kumpwaya. Chini kabisa alikuwa na miaka saba, akashika ukuta ili asianguke, na mkono uliogusa ukuta ukawa tena mkono wa mwanamke wa miaka thelathini na minane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa Mbwilo. Paji hilo halijifichi." Bi. Nakiete alikuwa bibi mfupi mwenye miwani minene na glavu nyeupe za kitambaa. Hakuuliza shida. Alikuwa amekwisha kupanga juzuu thelathini na moja mezani. "Keti. Mimi nimezisoma zote. Sitakuambia nilichokiona, macho yako ni bora kuliko mdomo wangu."

Subilaga alifungua juzuu ya kwanza na ukumbi ukafunguka ndani yake. Ulikuwa ukumbi ule ule, ila mapazia yalikuwa mapya, na baba alikuwa na nywele. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akafungua kinywa. Kinywa kilicheza. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alipiga meza kwa kiganja. Lakini hapakutoka sauti yoyote, na pale ukurasani, mahali pa maneno, palikuwa na mistari myeusi ya wino, mmoja chini ya mwingine, kama mashamba yaliyoungua yakionekana kutoka mlimani. Chini ya mistari paliandikwa: *(Makofi)*.

Akafunua. Mistari. *(Kicheko)*. Mistari. *(Makofi)*. Mistari kurasa mbili nzima, halafu: *(Hapa baadhi ya wajumbe walisimama)*. Kisha, peke yake, nzima, safi: *MHE. MBWILO: Naunga mkono hoja.*

Alifungua juzuu ya pili, ya tano, ya tisa. Hoja zilibadilika, za barabara, za misitu, za kuhamisha mto, na wenye hoja walibadilika, wengine wakafa na kurithiwa na watoto wao. Baba aliota mvi. Akavaa miwani. Akahamishwa kutoka kamati ya maji akapelekwa kamati ya kanuni, ambako hapakuwa na maji. Mistari ilibaki ile ile. Makofi yalibaki kwa sababu hayakuwa yake kuyafuta. Na chini kabisa, kila mara, yale maneno matatu ambayo wajumbe wote huyasema, na kwa hiyo si ya yeyote.

"Nani alifanya hivi?" Sauti yake ilimtoka kubwa kuliko chumba. "Bibi, nani alimfuta baba yangu?"

Bi. Nakiete alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, bila haraka.

"Mjumbe akisha kusema, mwanangu, kesho yake alfajiri anapelekewa rasimu nyumbani. Karatasi za njano. Anaruhusiwa kurekebisha lugha, asiguse maana. Akizirudisha, ndipo tunafunga juzuu. Huo ndio utaratibu tangu Baraza lilipoanza."

"Kufuta kila kitu ndiko kurekebisha lugha?"

"Nilimwuliza Karani wa wakati ule. Akaniambia, kilichofutwa hakina maana, kwa hiyo hakuna maana iliyoguswa." Alivaa tena miwani. "Ilitumika rula. Mtu aliyefanya kazi hii aliifanya kwa adabu sana."

Subilaga aliinama karibu na karatasi. Ilikuwa kweli. Mistari ilikuwa imenyooka kwa namna ya kutia uchungu. Ila kila mstari, ukifika katikati, uliruka kidogo, ukawa na kijinundu kama fundo kwenye uzi, halafu ukaendelea. Mstari uliofuata uliruka mahali pale pale. Na uliofuata. Mikono yake ilikuwa imekwisha kuelewa kabla yake.

Rula ya mti. Yenye pengo katikati. Pengo lililotafunwa na meno ya mtoto.

*

Asubuhi. Uji unatoa moshi. Karatasi za njano zimetandazwa juu ya kitambaa cha meza, na baba amevaa suruali ya kazi na singlendi, hajanyoa.

"Mama, njoo unisaidie kazi ya Serikali."

Anamwita mama, kama akina baba wa Itundu wanavyowaita binti zao, na mtoto wa miaka saba anakuja mbio, rula mdomoni, kwa sababu hakuna mtoto mwingine darasani kwao anayefanya kazi ya Serikali.

"Mkono wangu unatetemeka," anasema baba. "Wako umenyooka. Piga hapa. Na hapa. Usiruke hata neno."

"Nisome kwanza?"

"Ya nini?"

"Mwalimu amesema tusome kila kitu tunachokiona."

Baba anatazama dirishani. Jua bado halijafika kwenye kioo. Likifika, mhudumu atabisha hodi kuchukua karatasi. "Soma basi. Upesi. Halafu upige."

Naye anasoma, kidole chini ya neno, akizivunja silabi kama anayevunja miwa. M-to we-tu. U-me-po-te-a.

"Baba, mto unapoteaje?"

"Piga mstari, mama."

"Kwani jana hukusema kweli?"

Baba anaweka kijiko chini. Jirani yake wa ukumbini, anasema, hakurekebisha rasimu yake. Akacheka, akairudisha kama ilivyo. Jana baba alipoingia alikuta kiti cha jirani hakipo. Zimebaki tundu nne za misumari sakafuni, na wahudumu wanazipitia juu kwa ufagio. Hakuna aliyemuulizia. Hata jina lake, anasema baba, sasa hivi nikilitafuta ulimini silipati.

"Nilisema kweli," anasema. "Walisikia. Inatosha."

Mtoto anapiga mstari. Umenyooka. Baba anambusu utosini, na anapoinuka anakuwa mzee, anakuwa kijana, anakuwa shuka jeupe, na uji umepoa.

*

Inatosha. Ulisema inatosha. Mchana ulikuwa jasiri, alfajiri ulikuwa hai, na ulidhani mtu anaweza kuwa vyote viwili bila kulipa. Mchana ulimpa kila mtu neno lako, asubuhi ukamwita mtoto aje alirudishe. Nani alikufundisha hesabu hiyo? Mimi nilifurahi, baba. Nilikuwa nasubiri zile karatasi kama watoto wengine wanavyosubiri sikukuu. Nilijivunia. Niliwaambia rafiki zangu. Miaka minne, mpaka nilipoenda shule ya bweni ukaniandikia barua kwamba mistari yako sasa inapinda, na mimi nikakurudishia rula kwenye bahasha. Nilikutumia rula. Nikaweka na stempu.

Mtu ni nini, ikiwa aliyoyasema yamefutwa na aliyoyatenda hayahesabiwi? Watu wa Itundu wangesema mtu ni yule aliyekuja ulipomwita. Baraza lingesema mtu ni kilichobaki baada ya alfajiri. Subilaga, akiwa amekaa chini ya ngazi thelathini na moja, hakuweza kusema lolote kati ya hayo mawili. Alijua tu kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake, mara moja kila asubuhi, kwa ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kwa bidii, na kwamba kila asubuhi alishukuriwa kwa kubusiwa utosini.

"Juzuu ya mwisho ina kitu," alisema Bi. Nakiete kwa upole. "Alikitumia kushika ukurasa."

Ilikuwa ile rula. Pengo lake lilikuwa limelainika kwa kushikwashikwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu.

*

Alipanda ngazi mbio, rula mkononi, Bi. Nakiete nyuma yake akiwa amekumbatia juzuu ya kwanza na kuhema. Hakuomba ruhusa mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza, akasimama kichwani pa baba yake.

"Mheshimiwa Spika, ninayo."

Spika alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Isome."

"Siwezi kuisoma. Naikumbuka."

Pakawa na minong'ono. Mjumbe mmoja mnene aliinuka upande wa kulia. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Huyu binti alikuwa na miaka mingapi wakati huo?"

"Saba," alijibu Subilaga.

"Saba! Sasa Kumbukumbu Rasmi zinatunzwa na darasa la kwanza?"

*(Kicheko.)*

"Bora darasa la kwanza kuliko wewe uliyelala tangu asubuhi!" ilisikika sauti ya mama wa Itundu kutoka mlangoni, na watu wa ushorobani wakaguna kwa kuridhika.

"Utulivu. Wageni watulie," alisema Spika. "Binti, sema."

Subilaga aliufumba mkono wake kwenye rula. Alikuwa akiogopa kwamba kinywa kingecheza bila sauti, kama kile cha juzuuni. Akaanza kwa silabi, kwa sababu ndivyo alivyoihifadhi.

"M-to we-tu," alisema. Kisha sauti ikamjia, na haikuwa ya mtoto. "Mheshimiwa Spika, mto wetu umepotea, na mimi niliyetumwa kuutafuta nimepewa kiti."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja safu ya nyuma, aliyekuwepo Baraza tangu siku zile, aliinamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili. Huko mlangoni mtu alianza kulia kwa sauti nyembamba, na haikujulikana kama anamlilia marehemu au mto.

"Tazama hapa, Mheshimiwa Spika," alisema Subilaga, akaifungua juzuu ya kwanza kifuani pa baba yake, akailaza rula juu ya mstari. Kijinundu kiliingia kwenye pengo kama ufunguo kwenye kufuli. "Ni mimi niliyepiga. Niliisoma kabla ya kupiga."

Spika alitazama muda mrefu. "Nakuamini," alisema. "Lakini mstari ni ushahidi wa mstari. Chini yake hakuna kitu." Akamgeukia Karani, akanong'onezwa, akatikisa kichwa, akalinyoosha joho lake. "Uamuzi wa Kiti ni huu. Sentensi imesemwa ndani ya ukumbi huu, siwa ikiwa mezani. Si ya kila mtu. Imeandikwa. Aliyeisema ni Subilaga binti Mbwilo. Kwa hiyo sentensi ni yake, na kaburi ni lake."

"Mimi ni mzima, Mheshimiwa Spika."

"Litakusubiri. Halina haraka."

"Na baba?"

Spika alitazama saa. Zilibaki dakika kumi na mbili. Wahudumu wawili walikuwa wamekwisha kusimama miguuni pa meza wakiwa na machela.

Ndipo Fumbuka akaja na karatasi ya njano. Wageni, alieleza, hawasubirishwi mpaka alfajiri. Rasimu yao huletwa papo hapo. Alimwekea kalamu ya wino juu yake, kwa heshima. Palikuwa na mstari mmoja wa maandishi: *SUBILAGA BINTI MBWILO: Mheshimiwa Spika, mto wetu umepotea, na mimi niliyetumwa kuutafuta nimepewa kiti.*

Aliisoma mara mbili. Wino wa maneno yale ulikuwa bado unang'aa. Akamgeukia Bi. Nakiete.

"Bibi, sentensi isiyo na jina inakuwa ya nani?"

Bi. Nakiete aliitazama ile karatasi. "Hupewa aliyelala mezani."

"Na mwenye jina?"

"Mwenye jina atakuwa amefutwa. Atasahauliwa na wote, hata mimi, kama yule jirani wa baba yako aliyeacha tundu nne na ufagio." Alimshika mkono. "Mwanangu, umeniuliza kanuni nimekuambia kanuni. Sijakuambia ufanye."

"Nimesikia, bibi."

Alimtazama baba. Kidevu chake kilikuwa hakijanyolewa, kama asubuhi zile. Kama angeweza kusema, angesema nini? Labda angesema usifanye, mama. Labda angesema nisaidie. Subilaga alingoja. Alingoja dakika tatu nzima kati ya zile kumi na mbili, na baba, aliyekuwa hodari wa kusema mchana, hakusema.

Aliilaza rula chini ya jina lake, akaipandisha kidogo hadi ikafika katikati ya herufi. Mkono haukutetemeka. Alipiga kuanzia S mpaka O ya mwisho. Ulinyooka, ukaruka kidogo katikati, ukanyooka tena.

*

Walimzika Mheshimiwa Mbwilo Bonde la Itundu, kwenye kilima kinachotazama bonde kavu ulikokuwa ukipita mto. Watu walikuwa wengi. Bi. Nakiete alikuja pia, amevua glavu, na njiani kutoka kwenye magari alimkuta mwanamke mmoja amesimama peke yake, ameshika rula ya mti.

"Pole, dada," alimwambia. "Umetoka mbali?"

"Si mbali sana."

"Ulimfahamu marehemu?"

Yule mwanamke alifungua kinywa, akakaa nacho hivyo kidogo. "Nilikuwa namsaidia kazi," alisema.

"Mungu akulipe." Bi. Nakiete akapita, akageuka mara moja kulitazama lile paji, kama mtu aliyeacha kitu nyumbani na hajui ni nini, akaendelea kupanda.

Jeneza liliposhushwa, Karani Fumbuka alisimama kando ya shimo na karatasi ili asome wasifu. Alisoma tarehe ya kuzaliwa. Alisoma majina ya kamati. Alisoma miaka thelathini na moja. Mwanamke mwenye rula alikuwa amesogea mpaka ukingoni kabisa. Udongo ulikuwa ukiporomoka chini ya viatu vyake.

"Marehemu hakuacha mke," alisoma Karani. "Marehemu hakuacha mtoto. Ameacha sentensi moja." Akaisoma, kwa sauti kavu ya ofisini, na upepo ukaibeba mpaka chini bondeni palipokuwa na mawe meupe. Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi ya Baraza hata makaburini, akauliza kama wasifu huo ni sahihi. Wanaoafiki waseme ndiyo.

"Ndiyo," walisema watu wote wa Itundu.

Naye, aliyesimama karibu kuliko wote, alisema ndiyo.